Kata ya Kwanza ya Pipa Lililovuja

Usiku ule nililala na viatu miguuni. Begi langu lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu, koti juu yake, kama mtu aliyekaa akinisubiri. Nilikuwa nimekusudia kuondoka alfajiri wenzangu wakiwa bado wamelala, nipande gari la kwanza, liwe la kwenda popote. Nina miaka arobaini na kitu, na kuondoka ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Nimekata mkonge Tanga. Nimeuza mitumba Morogoro. Nimesafiri juu ya malori ya ndizi mpaka nikazijua kona za barabara kwa mgongo. Kila mahali nimeacha mto wa kulalia, na watu waliokuwa ndiyo kwanza wanazoea jina langu.

Safari hii nilikuwa nakimbia pipa.

Nilikuwa nikifanya kazi katika kiwanda kidogo cha bia nje ya Arusha, chini ya mlima, kiwanda cha kupika bia chache kwa watu wanaopenda kunusa kabla ya kunywa. Mwenye kiwanda tulimwita Dada Flora, ingawa kwa umri ni mdogo wangu. Aliagiza mapipa ya mti wa mwaloni kutoka Amerika, mapipa yaliyowahi kulaza wiski ya mahindi, ile waiitayo burboni. Ndani yamechomwa moto hadi mbao zimeota ngozi ya mkaa. Humo tulimimina bia nyeusi, stauti, nzito, kali kuliko bia yoyote ya dukani, tukaifungia ilale mwaka mzima inyonye harufu ya mti, ya moshi, na ya ile wiski iliyokwisha kwenda zake.

Pipa moja lilifika na ufa ubavuni. Flora alitaka kulikata apandie maua. Nikamwomba anipe.

"Linavuja, Kaka Elia."

"Nitaliziba."

"Kwa nini?"

"Kwa namna ya bibi yangu."

Alinitazama, akacheka. "Haya, chukua. Lakini bia yangu ikimwagika sakafuni, utailamba."

Nililiziba kama bibi alivyokuwa akiziba pipa lake la mbege, pombe ya kwetu Kilimanjaro, ya ndizi mbivu na ulezi. Nilisokota magamba makavu ya mgomba, nikayapigilia ndani ya ufa kwa mgongo wa kisu, nikapaka nta ya nyuki juu yake. Halikuvuja tena. Nikapata kiburi kidogo. Bia ya pipa lile niliipika mwenyewe, nikachanganya ulezi uliooteshwa, na mwisho nikatumbukiza kipande cha gome la msesewe, ule mti mchungu ambao bila gome lake mbege hubaki uji mtamu tu. Flora alipojua, hakukasirika. Alisema, "Siku ya kuonja tutaonja na la kwako, mbele ya wageni. Likiwa zuri, hii itakuwa bia yako, utaipika kila mwaka. Likiwa baya, mtaro ule pale."

Mwaka ulipita. Siku ya kuonja ilikuwa kesho ya usiku ule wa viatu.

Wenzangu kila mmoja alikuwa akichota tone la pipa lake mara kwa mara, akilamba, akitikisa kichwa. Mimi sikuwahi. Nilikuwa nikipita karibu na pipa langu kama mtu anayepita karibu na nyumba ya wakwe. Kisha mchana ule Barnaba, jirani yangu wa chumba na mtu asiyejua kunyamaza, alisogeza pua kwenye kizibo.

"Mzee," akasema, "hapa pana siki. Mwaka mzima umetupikia achari!"

Watu walicheka. Nami nilicheka. Kisha nikaenda chumbani kufunga begi, na chini kabisa, chini ya nguo, nikaweka kata ya bibi: kibuyu kidogo chenye mpini mrefu, cheusi kwa ukale. Nilikabidhiwa siku nilipofika kwenye matanga yake. Nilifika udongo umekwisha kukauka, kwa kuwa habari zilinifuata kutoka mji hadi mji zikinikosa.

Basi nililala na viatu miguuni.

Sikumbuki kusinzia. Ninachokumbuka kwanza ni harufu. Ndizi zinazoiva juu ya dari, jikoni, ndani ya moshi. Ni harufu ambayo huwezi kuinunua mahali popote. Nikasema moyoni, mbona huku hakuna migomba? Nikainuka, nikashika begi, nikafungua mlango.

Nje hapakuwa na ua wa kiwanda. Palikuwa na njia ya kwetu, ile nyembamba inayopita katikati ya migomba hadi kwenye mfereji, na majani yalikuwa yakidondosha maji ingawa mvua haikuwa imenyesha. Nilitembea. Sikuwa na hofu. Niligusa ua wa masale mpakani, yale majani marefu ya kwetu tunayopanda penye makaburi na penye mpaka, nikayakuta yana baridi. Nikageuka kushoto kwenda nyumbani, na kushoto ikawa ni ndani ya kiwanda.

Matangi ya chuma yamesimama kama kawaida yake. Lakini katikati, juu ya sakafu ya saruji, kuna mafiga matatu na moto unawaka. Kando ya moto, juu ya kreti lililopinduliwa, ameketi bibi yangu, Bibi Ndeshi, katika sweta lake la kijani lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine.

Anakoroga chungu. Hageuki.

"Mume wangu," anasema. Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Siku hizi unaingia na viatu hadi jikoni?"

Natazama miguu yangu. Naona haya. Nataka kuvivua lakini mikono imeshika begi, na begi halikubali kuachwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wasalimie na wenzangu."

Ndipo ninawaona. Wamekaa kwenye mstari, migongo yao ikiegemea mapipa, kimya, mikono juu ya magoti. Mzee Mathayo, aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa na kulala kabla ya mahubiri kuisha. Mama Aikande wa ng'ambo ya mfereji. Na wengine, wote majirani, wote waliokuwa wakija kunywa kwa bibi siku za pombe, na wote najua wamekufa. Wananitazama kwa upole. Wana vumbi hadi kwenye kope.

"Mbona wana vumbi hivi?" nauliza.

"Wametembea. Tumetembea sote." Bibi anagonga mwiko kwenye ukingo wa chungu. "Tulifika Tanga, tukaambiwa umeondoka. Tukaenda Morogoro, tukakuta mto wako wa kulalia una joto bado. Huyu Mathayo ana malengelenge, anakulaumu wewe."

Mzee Mathayo anainua mguu mmoja nione. Kisha anaushusha polepole.

"Mlikuwa mnataka nini, Bibi?"

"Kunywa. Wewe ulidhani wafu wanatembea kwa ajili gani?"

Mama Aikande anaficha mdomo kwa kanga, mabega yake yanatikisika. Mimi sicheki.

"Lakini pombe si hii hapa?" nasema. "Mapipa yamejaa. Mngejichotea tu."

Moto unapungua. Wote wananitazama kama mtoto aliyetamka jambo la aibu mbele ya wageni.

"Nani anywe kabla ya mpishi?" anauliza Bibi.

Kweli. Ninalijua hilo tangu sijaota meno. Kwetu aliyepika pombe ndiye anayeonja kwanza, amesimama, mbele ya macho ya watu, ili kila mtu aone kwamba hakuweka ubaya ndani. Akishaonja humwaga kidogo kwa ajili ya waliolala chini ya masale. Halafu kata huenda kwa wazee. Kabla ya hapo hakuna mgeni anayelowanisha mdomo, hata awe anakufa kwa kiu. Na hawa walikwisha kufa, wakabaki na kiu yao, wakanifuata mji hadi mji kungoja nionje kitu nilichopika, nami kila mara nilikuwa nimeondoka.

"Bibi, imechacha," nasema.

"Umeonja?"

"Barnaba amenusa."

"Barnaba ni pua. Mimi nauliza ulimi."

Najaribu kusogea mlangoni, na mlango unasogea nami, na ghafla hakuna sakafu, kuna mtikisiko ninaoujua. Tuko juu ya lori. Upepo unapiga, mikungu ya ndizi iko chini yetu, mibichi, migumu, na Bibi ameketi kando yangu ameshika kilemba chake kisipeperuke. Miti inarudi nyuma. Nimekuwa nikisafiri hivi miaka mingi na sijawahi kuwa na mtu kando yangu. Natamani barabara isiishe.

"Ndizi haziivi njiani," anasema, akipaza sauti kushinda upepo.

"Zinaiva, Bibi! Nimezibeba mwenyewe. Tunapakia za kijani, tunashusha za njano."

Anachukua ndizi moja, anaibonyeza kwa kidole gumba. Ni ya njano kweli, lakini chini ya kidole chake inageuka nyeusi, inalainika, maji yanatoka.

"Hiyo si kuiva, mume wangu," anasema. "Hiyo ni kuchoka."

Hasemi kwa ukali. Anaitupa kando ya barabara, anafuta kidole kwenye sweta.

Kisha hakuna upepo. Tuko jikoni kwetu, kwenye giza la joto, na ananionyesha juu, kwenye dari ya fito. Napanda kama nilivyopanda utotoni, napeleka mkono kwenye majani makavu. Ndizi zimelala humo, zimejipanga, ngozi zao zina masizi, na zina joto kama miili ya watu waliolala kitanda kimoja. Nazigusa moja moja. Moshi unapita katikati yao bila haraka.

"Hizi hazikwenda popote," anasema sauti yake kutoka chini.

Ninaposhuka nashuka mbele ya pipa langu.

Begi sina. Mkononi nina kata. Sijui niliitoa saa ngapi. Naona magamba ya mgomba kwenye ufa, nta imekuwa nyeusi, imekaza. Watu wamesimama nyuma yangu wote, nasikia pumzi zao, ingawa sijui wafu wanapumulia nini. Navuta kizibo.

Bia inatoka bila sauti. Ni nyeusi, nyeusi ya usiku usio na mbalamwezi, na inajaza kata polepole kwa kuwa ni nzito. Juu yake linapanda povu la rangi ya udongo wa kwetu baada ya jembe. Naileta puani kwanza, kama Flora alivyotufundisha. Kuna vanila, ile harufu ya keki inayotokea mlangoni pa harusi wewe ukiwa unapita tu. Kuna sukari guru iliyoungua chini ya sufuria. Kuna mbao mpya na moto wa zamani.

Naishusha hadi midomoni.

Nakunywa.

Kwanza ni kahawa, kahawa yetu, ya kukaangwa kwenye chungu mpaka karibu kuharibika. Halafu utamu mzito unafunika ulimi, asali na ndizi ya darini. Halafu ile wiski, ambayo ilikwisha ondoka lakini imeacha joto lake kwenye mbao, inashuka kifuani taratibu, inawasha kila chumba inachopita. Nasubiri siki. Uchachu upo. Barnaba hakusema uongo. Lakini ni mdogo, wa pembeni, kama wa mbege ya siku ya pili ambayo wazee wa kwetu huipenda kuliko ya siku ya kwanza. Nadhani imekwisha, nataka kumeza mate, ndipo unapokuja uchungu wa msesewe. Unakuja mwisho kabisa, nyuma ya ulimi, na unakaa. Hauna haraka ya kwenda mahali. Nasimama na uchungu ule mdomoni, na machozi yananitoka kwa sababu ni jikoni kwa bibi yangu, ni sauti yake akimfokea mbuzi, ni mimi nikiwa bado sijaondoka mara ya kwanza.

"Eeh?" anauliza Bibi.

"Ina uchachu kidogo," nasema.

"Na wewe je, huna?"

Ndipo wote wanacheka. Mzee Mathayo anacheka kwa kukohoa, kama zamani. Namwaga kidogo chini, na saruji inakunywa kama udongo, haibaki hata alama. Nampa Bibi kata kwa mikono miwili. Anakunywa muda mrefu, macho amefumba. Anapoishusha, ana povu juu ya mdomo na hajifuti.

"Huyo wiski aliyelala humu kabla yenu," anasema, akigonga mbao kwa kifundo cha kidole, "alikuwa mtu mzito. Mmeishi naye vizuri."

Anapitisha kata. Inakwenda mkono kwa mkono, haipungui. Kila anayekunywa anajifuta uso, na vumbi linatoka, na uso ulioko chini ni mpya. Halafu anachukua njia ya migomba, bila kuaga, kama watu wanavyotoka kwenye pombe nzuri wakijua watarudi. Mama Aikande anaimba kitu kwa chini. Anayefuata ni Mathayo, hachechemei tena.

Tunabaki wawili. Nataka kumwomba radhi kwa ajili ya yale matanga. Nafungua mdomo, naye ananiwahi.

"Nilikufa ukiwa njiani. Sikununa. Mtu hawezi kuwa kila mahali." Ananishika kidevu, vidole vyake vina harufu ya moshi. "Lakini kuwa mahali pamoja, hilo unaliweza."

"Bibi, na wageni wakiitema?"

"Wataitema mbele yako. Kesho usimpe mtu kabla yako. Onja kwanza, wakuone. Kisha kaa hapo hapo, usikie wanasemaje. Hiyo ndiyo kazi yote ya mpishi. Mengine ni kuni na maji."

Kisha anainama, taratibu, mkono mmoja kiunoni, anaanza kunifungua kamba za viatu kama alivyokuwa akinifungua nikirudi shule nimelowa. Namwambia acha Bibi, nitafanya mwenyewe. Anasema unachana shuka za watu. Naona kilemba chake kutoka juu, naona fundo lake nyuma, na ninataka kuliwekea mkono. Ninauinua mkono.

Na mkono ukagusa ukuta.

Kulikuwa kumekucha. Mwanga ulikuwa umeingia chini ya mlango na kupanda juu ya begi. Lile gari la kwanza lilikuwa limekwisha pita, maana nilisikia la pili likipiga honi barabarani, likashusha, likapakia, likaondoka bila mimi. Viatu vilikuwa bado miguuni. Kamba ya kimoja ilikuwa imefunguka. Yawezekana nilijifungua mwenyewe usingizini, mtu hujigeuzageuza. Lakini nyuma ya ulimi kulikuwa na uchungu, ule ule, na haukuwa na haraka ya kuondoka.

Nilikaa kitandani, nikavua viatu vyote viwili. Nikavuta begi, nikafungua zipu, nikatoa shati moja, suruali, shati lingine, nikayatundika kwenye misumari yalikokuwa. Kata ilikuwa chini kabisa. Nikaipangusa kwa kiganja.

Mlango ukagongwa kwa kiganja kizima. Ni Barnaba peke yake anayegonga hivyo.

"Mzee Elia! Wageni wameanza kuingia. Dada Flora anauliza tuanze na pipa lipi?"

"Mwambie tuanze na lililovuja."

"La kwako? Kwanza kabisa? Basi ngoja nikawaambie wamimine kwenye glasi."

"Asimimine mtu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa bado ya usingizi, nikakohoa, nikairudia. "Kwetu mpishi anaonja kwanza. Nakuja na kata yangu."

Nikamsikia akikuna ukuta kwa kucha, akitafuta mzaha, asiupate.

"Na ikiwa siki kweli, mzee?"

Nikafungua mlango. Nilikuwa peku, na saruji ya kibarazani ilikuwa na baridi.

"Nitakuwepo," nikamwambia.